Barua kwa Sungura

Hivi wewe umewahi kupewa kazi usiyoipenda ukainyamazia mwaka mzima? Kila Ijumaa nilikwenda darasa la pili kuwasimulia watoto hadithi, nao wakaziigiza. Mjukuu wangu wa kike aliyesoma humo, kwa vile ana mwili, walimbandika jina la Bonge na siku zote wakampa nafasi ya Fisi. Akiingia tu, wanapiga kelele: "Ficheni mifupa!" Yeye hucheka, lakini macho hayacheki.

Ijumaa moja mwalimu wao akasema, "Leo mwandikieni barua mnyama yeyote wa hadithini. Anwani juu kulia, tarehe, salamu, kisha jambo lenyewe."

Bonge akamwandikia Sungura. Salamu zikajaa ukurasa: hujambo, watoto hawajambo, majirani je, na shamba la karanga linaendeleaje?

Nikamwinamia. "Mke mwenzangu, hodi umepiga, umekaribishwa, na kiti umekalia. Sasa sema kilichokuleta."

Akang'ata penseli. Akaandika neno, akalifuta, karatasi ikakaribia kutoboka. Mara akasimama mbele ya darasa zima.

"Bibi, ufisi nimeuchoka. Leo nataka kuwa Sungura."