Comer, Maana Yake Kula

1.

TANGAZO

Uongozi wa Ukumbi wa Vijana unawatangazia waongoza watalii wote wa Moshi kuwa darasa la awali la Kihispania litaanza Jumatatu, saa tisa alasiri. Mwombaji awe na umri wa miaka kumi na minane na kuendelea.

(Chini yake, kwa kalamu:)
Bi. Mwanahawa wa Bondeni ameuliza hiyo "na kuendelea" inaishia wapi. Ameambiwa haiishii popote. Aandikwe.

2.

Ndiye mimi.

3.

Sauti ya mjukuu wangu Shemsa kwenye simu, kutoka kwa mumewe Uhispania:

"Bibi, mama mkwe anakuja tena mwezi wa saba. Usihangaike, nitakuwepo kutafsiri. Ila Bibi… safari ile ya harusi, mwenzio hakula kwetu. Mume wangu hataki nikwambie, lakini…"

4.

Hakula.

Kwangu.

Nilimtengea chumba kizuri. Sinia la pilau, kachumbari, maji ya kunawa, taulo jipya. Nikafunga mlango taratibu ale kwa nafasi, kama anavyostahili mgeni. Sinia likarudi karibu kama lilivyokwenda. Nikajua chakula changu hakimfai.

Safari hii mkwe haondoki kwangu na njaa. Na nitamkaribisha kwa mdomo wangu, si wa mkalimani.

5.

Darasani:

— Bibi, na wewe unapandisha wageni mlimani?
— Nitakupandisha wewe, ukiendelea kucheka.
— Jamani, mpisheni Bibi akae mbele!

Huyo wa mwisho ni Elibariki. Alihamia nyuma, kwenye kiti kibovu, ili mimi nione ubao. Na Mwalimu Kaanaeli hafuti ubao mpaka kalamu yangu itulie. Hakuna aliyemwomba.

6.

como        ninakula
comes       unakula
come        anakula
comemos     tunakula
coméis      mnakula
comen       wanakula

Nimewaimbia kuku. Nimeviimbia vitunguu. Muuza maziwa nimemwambia *comen*, wanakula. Akaniuliza nani. Nikamwambia wote.

7.

Mwalimu Kaanaeli, akisahihisha:

"Bibi, kila sentensi yako ni *come*, *come*. Anakula, anakula. Wewe uko wapi?"

"Jikoni, mwalimu. Mgeni anakula, sisi tunampa nafasi."

"Peke yake?"

"Ndiyo heshima yake."

Akaweka chaki chini.

"Bibi, mimi nimesoma kwao. Nyumba niliyokaa, mgeni hagusi kijiko mpaka mwenyeji akae."

8.

Yaani alikuwa

ananisubiri.

9.

Mimi ni Remedios, mama mkwe wa Shemsa. Nilikaa mbele ya chakula kinachonukia kuliko chote nilichowahi kupewa, nikasikia miguu yao nje ya mlango. Kila ilipokaribia nilinyoosha gauni langu. Nikajiuliza nimewakosea nini hata hawataki kukaa na mimi. Mwanangu aliponiuliza mbona sikula, nilimwambia ni joto tu.

10.

Mwezi wa saba. Mimi tena, Mwanahawa.

Sinia liko chini. Remedios yuko kitini, mikono mapajani. Shemsa alifungua mdomo kutafsiri, nikamwinulia mkono. Nikakaa mkekani. Magoti yalilalamika, nikayaacha yalalamike. Nikanawa.

"*Comemos*," nikasema. Tunakula.

Wewe unayesoma, laiti ungeuona uso wa yule mama.

Akashuka kitini. Akanawa. Akatia mkono.

Akala!

"Bibi!" Shemsa mlangoni. "Umejifunzia wapi?"

"Chuoni," nikasema.

11.

Kumbe ni msemaji huyu mkwe. Maneno yanamwagika, mimi silijui hata moja. Nikamsogezea kipande kinono cha nyama upande wake wa sinia. Akakirudisha kwangu. Nikamsogezea tena. Akacheka, akakirudisha.

"Sasa nani atakila?" anauliza Shemsa.

Mimi nasogeza, yeye anasogeza, na kwenye wali, kati yake na mimi, njia inazidi kupanuka.