Karatasi Nane za Siri

Kwa heshima na taadhima, natangaza kwamba mimi ndiye kiongozi bora kuwahi kushika upawa katika bwalo la shule yetu ya bweni. Tangazo hili lilidumu siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu, Jumatatu, wagawaji wangu wote wanane waligoma, uji ukapoa, na Mwalimu Miwani, msimamizi wa bwalo, akaniita ofisini.

"Wanasema unafoka."

"Natoa maelekezo kwa sauti, mwalimu."

"Hata king'ora hutoa maelekezo kwa sauti. Waulize kinachowaudhi, kisha funga mdomo usikilize. Ijumaa nitawauliza kama bado wanakutaka. Wakikukataa, beji utairudisha."

Beji ile baba alikwisha kuitangaza kwa jamaa wote, mpaka kwa shemeji wa shemeji yake. Kuliko kurudi nyumbani bila beji, ilikuwa heri nisirudi.

Basi nikaitisha kikao nyuma ya jiko, nikawapanga foleni, nikagawa karatasi nane. "Andikeni kwa herufi kubwa, msiweke majina. Sitajua nani kaandika nini. Haki ya Mungu."

"Na ukijua?" aliuliza Redio, ambaye mdomo wake haupumziki hata akilala.

"Nitajifanya sijui."

Wakacheka. Walidhani ni utani.

Sasa, msomaji mwema, kiongozi makini hufanya utafiti. Kabla ya kikao nilikuwa nimechukua pini na kutoboa kila karatasi pembeni: kitundu kimoja kwa wa kwanza kwenye foleni, viwili kwa wa pili, mpaka vinane kwa Taratibu, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, ambaye hulala kitanda cha chini yangu na huwa wa mwisho katika kila foleni. Yake niliitoboa kukamilisha hesabu tu. Yeye sikumshuku.

Saba zilisema niliyoyatarajia: nafoka, sishukuru, najipakulia kwanza. Ya Redio ilishauri ninunuliwe kufuli la mdomo. Ya nane, yenye vitundu vinane, ilisema:

"AKIKOSEA YEYE, TUNALAUMIWA SISI. WIKI JANA ALIMWAGA MAHARAGE AKAMSINGIZIA MTOTO WA DARASA LA CHINI. ALINIOMBA NIMUUNGE MKONO, NIKAMUUNGA. BADO NAONA AIBU."

Kikulacho ki nguoni mwako. Mkono ulionipigia pasi shati asubuhi ileile ndio ulionichoma kisu.

Wale saba nikaanza kuwashukuru kwa sauti laini kama ya mgonjwa, nikawa najipakulia wa mwisho. Kisha nikaandika ratiba mpya ya kusugua sufuria kubwa ya uji, ile ambayo ukiisugua unaingia mpaka mabega. Jumanne, Taratibu. Jumatano, Taratibu. Alhamisi, Taratibu.

"Kaka, kwani nimekukosea nini?" aliniuliza Alhamisi, ukoko umemganda kwenye nyusi.

"Ratiba ni ratiba."

"Si tulikuwa tunapokezana?"

"Uongozi hauna urafiki, ndugu yangu."

Akanitazama kidogo, kisha akainama tena ndani ya sufuria.

Ijumaa Mwalimu Miwani alitupanga mbele ya dirisha la bwalo. "Nani bado anamtaka?"

Mikono saba iliinuka. Kisha, polepole kama kawaida yake, ukainuka wa nane. Niliangalia pembeni.

Mwalimu alifurahi mno. Nilipomsimulia kuhusu zile karatasi, akaziomba akawaonyeshe walimu wenzake jinsi kiongozi anavyosikiliza. Kwa vile macho yake yana shida, aliinua moja kwenye mwanga aisome. Jua likapenya.

"Vitundu hivi ni vya nini?"

"Panya, mwalimu."

Akainua nyingine, na nyingine, mpaka zikaisha. "Panya anayejua kuhesabu hadi nane?"

Redio alianza kucheka, akakatisha. Sijawahi kumwona akikatisha kicheko. Taratibu alikuwa akihesabu watu wa foleni ile ya karatasi kwa vidole vyake, vilivyokunjamana kwa maji ya siku tatu, mpaka akajifikia mwenyewe.

"Kumbe ndiyo sababu ya sufuria," alisema, akiiambia sakafu.

Nilikuwa na uongo mwingine tayari, tena mtamu. Niliutafuta mdomoni nikakuta umekauka.

"Nilitoboa mimi, mwalimu," nilisema. "Niliwaapia, kisha nikawachunguza, na aliyeniambia ukweli nikamwadhibu. Na yale maharage ya wiki jana niliyamwaga mimi. Yule mtoto hakuwapo hata karibu."