Mwaitu ni Mimi

Kaveke alikuwa amebakiza siku nne tu za likizo, na Ben akaamua kumharibia moja. Eti wapande mlima! Miaka miwili Ben, Kalondu na Kaveke walifundisha Omani wakilalamikia joto. Sasa wamepata baridi ya Agosti ya kwao Kilungu, na badala ya kuota moto jikoni, Ben anataka kuhesabu hatua kwa saa yake ya mkononi. Jameni!

Kaveke alikubali, mradi Wayua aende nao. Bintiye huyo wa miaka mitano hakuwa amemwita mama hata mara moja tangu atue nyumbani. Alimwita Ticha. Na siku hiyo saa sita mchana ndio ulikuwa mwisho wa kujaza fomu ya mkataba mpya kwa simu. Kaveke alikuwa amejiapia: nisipoitwa mwaitu, yaani mama, kama watoto wengine wa Kikamba wanavyowaita mama zao, siendi popote.

"Ticha, nimechoka," Wayua akasema walipofika kwenye miparachichi.

Kalondu akaangua kicheko. "Kumbe hata kwako wewe ni ticha!"

Kaveke hakuona cha kuchekesha. Alichuchumaa mbele ya mtoto. "Wayua, mimi si Ticha. Mimi ni mwaitu."

"Hapana. Mwaitu ni mimi."

"Nani alikuambia?"

"Wewe. Kila siku kwa simu. Mwaitu, umekula? Mwaitu, umeoga?"

Mtoto alikuwa amepewa jina la nyanyake, na ukimpa mtoto jina la mamako, basi naye unamwita mama. Ndivyo alivyombembeleza miaka yote miwili, bila kufikiri. Na huku nyumbani nyanya mtu alikuwa akiita, "Wayua, njoo, ticha amepiga!"

"Harakisheni!" Ben alifoka kutoka juu. "Huku network iko sawa!"

Ya nini hiyo network? Kaveke alimbeba mtoto mgongoni, akapanda akinung'unika hadi kileleni. Ben na Kalondu walituma fomu zao wakapigana picha. Kaveke naye alijaza yake yote, maana tangi la maji la mamake lilikuwa bado halijanunuliwa. Kilibaki kitufe kimoja tu.

Hapo Wayua akateleza kwenye mawe, akachubuka goti.

"Susu!" alilia, akimwita nyanyake. "Susu!"

Kaveke alimrukia, akamkumbatia. Mtoto akamsukuma. "Si wewe! Nataka Susu!"

Hasira zilimpanda Kaveke. Alimchukia Ben, akauchukia mlima, akajichukia mwenyewe kuliko vyote. Akapiga simu nyumbani, akaweka sauti ya juu ili mtoto asikie.

"Mwaitu," akasema.

"Ee," mamake akaitika kwenye simu.

"Ee," Wayua naye akaitika, huku akipangusa kamasi.

"Kaveke, dakika tatu!" Ben akapaza sauti. "Bonyeza tu, kwani shida yako ni nini?"

"Mwaitu, sirudi," Kaveke akasema.

"Hurudi nyumbani?" mamake akashtuka.

"Nyumbani narudi. Omani ndiko sirudi." Akaifuta ile fomu.

Wayua aliacha kulia. Aliitazama simu, kisha akamtazama yeye, uso umejaa wasiwasi.

"Sasa Ticha, nani atakuwa ananipigia simu?"