Rangi ya Kucha Kwenye Skrubu

Mimi nina hasira, nawaambia mapema. Gereji wananiita Bisibisi, na si kwa ajili ya kazi tu, ni kwa ajili ya mdomo.

Lori lenyewe ni kuukuu, limenizidi umri. Mwenye lori ni mama, aliachiwa na marehemu baba. Dereva ni mdogo wangu wa kiume, na fundi ni mimi. Injini za dizeli ndiyo kazi yangu, hasa pampu zinazosukuma dizeli kwenye injini, na aliyenifundisha ni baba huyohuyo. Basi lori moja linalisha nyumba mbili, na ugomvi ukizuka hakuna pa kukimbilia.

Ikaja sheria ya kupima moshi. Unapeleka lori kituoni, mkaguzi anachomeka kipimo kwenye bomba, dereva anakanyaga mafuta mpaka mwisho, namba inatoka. Ikizidi hamsini, umeanguka. Ukianguka mara tatu wanang'oa namba za gari, unarudi nyumbani na chuma chakavu.

Sikuogopa. Nilikuwa nimeifungua injini yote na kuifunga upya, pistoni mpya, gasketi mpya, nozeli zimepimwa moja moja. Pampu nikaifunga kama baba alivyonionyesha. Kuna mstari aliouchonga kwa tindo kwenye pampu, na mwingine kwenye injini. Unaikutanisha mistari, unakaza nati tatu, kazi imekwisha. Sikupima. Nipime nini, wakati baba alishapima?

Sasa njoo kwa madereva. Jamani, madereva! Kwenye pampu kuna skrubu ya kiasi cha mafuta. Ukiikaza kidogo, lori linapata nguvu mlimani na moshi unatoka mweusi tititi. Kila dereva anaijua skrubu hiyo kuliko anavyoijua siku ya kuzaliwa ya mkewe, na kila mmoja ana kispana chake chini ya kiti. Ndiyo maana mimi nikishaipanga, naipaka rangi ya kucha, nyekundu. Ukiigusa, rangi inapasuka, nami nakushika.

Mara ya kwanza kupimwa, sitini na nane. Nikaenda kuangalia skrubu, rangi nzima. Nikasafisha chujio la hewa, nikalirudisha lori barabarani.

Mdogo wangu akaniambia, "Dada, hata baada ya kulifungua, hili gari halina nguvu. Ule mlima wa kiwanda cha saruji naupanda kwa gia ya pili. Na dizeli linakunywa mno."

"Wewe endesha," nikamwambia, "ufundi niachie mimi."

Mara ya pili, sabini na moja. Tulikuwa kwenye foleni, malori nyuma yetu, madereva wamekaa kwenye ngazi za magari yao wakipiga soga. Mkaguzi akanipa karatasi. Nilipoiona ile namba, damu ikanipanda kichwani.

"Umekaza skrubu!" nikamwambia mdogo wangu.

"Dada, rangi yako si hiyo hapo? Nzima."

"Rangi gani? Kwani wifi yangu hapaki hiyohiyo? Umekaza, ukaiba rangi ya mkeo, ukapaka upya! Unaniona mimi mjinga?"

Akacheka. Hakucheka kwa dharau, sasa najua. Alicheka kwa sababu jambo lenyewe lilichekesha. Lakini mimi niliona ananicheka mbele za watu, na hapo nikasema neno ambalo hata leo likinijia nauma ulimi.

"Na dizeli inayopotea unaiuza wapi? Mwizi wa dizeli wewe!"

Soga zikakatika. Kila dereva pale kwenye foleni alisikia, maana mimi sijui kusema polepole. Mdogo wangu akachomoa ufunguo, akauweka juu ya tairi, akaondoka kwa miguu. Niwaambie ukweli? Sikuona aibu. Nilijisikia nafuu, kama mtu aliyetapika.

Mama aliniuliza swali moja tu. "Una ushahidi?"

"Mama, mimi ni fundi."

"Fundi wa injini au fundi wa watu?"

Nikambamizia mlango. Mama yangu mzazi, nikambamizia mlango.

Maji yakimwagika hayazoleki. Dereva unaweza kumwita mlevi akapata kazi, unaweza kumwita mzembe akapata kazi. Mwizi wa dizeli, hapana. Nani atampa ufunguo na tangi limejaa? Palikuwa na tajiri mmoja aliyemwahidi kumpa lori lake la pili aendeshe, akaanza kumwambia njoo kesho, na kesho haikufika. Nikasikia anabeba mifuko ya saruji pale kwenye maegesho ya malori, anawapakilia wenzake aliokuwa akikaa nao meza moja. Wifi yangu tulipishana bombani, akaangalia ndoo yake. Nikajiambia, na ajifunze.

Lori nikampa Mzee Taratibu, dereva mstaafu ambaye katika maisha yake hajawahi kumpita mtu barabarani. Siku ya tatu akarudi.

"Binti, gari hili linaumwa. Halivuti, linakunywa, na moshi wake unanitia aibu."

"Na wewe umegusa skrubu!"

Mzee akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, miwani yenyewe nimeisahau nyumbani. Hiyo skrubu iko wapi?"

Nikaenda kuangalia. Rangi nzima. Rangi yangu mwenyewe, na unywele wa brashi ulionasa siku nilipoipaka bado umo ndani yake. Ulikuwamo siku zote. Ningeinama vizuri pale kituoni, ningeuona.

Nilishikwa na hasira sikujua niielekeze wapi. Nikalala chini ya lori, nikafanya kitu ambacho fundi anayejiita fundi hufanya mwanzo, si mwisho. Nikafungua bomba la silinda ya kwanza, nikazungusha injini kwa mkono, polepole, nikiangalia dizeli inavyodondoka. Pale tone linapokatika ndipo pampu inapoanza kusukuma. Kisha unasoma kwenye puli, lile gurudumu la mbele ya injini lenye alama, ni nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu. Inatakiwa ishirini na mbili. Nikasoma kumi na mbili. Nikarudia. Kumi na mbili. Mara ya tatu nilikuwa naiomba ile namba ibadilike, haikubadilika.

Pampu ilikuwa inachelewa. Dizeli inakuja kuwaka pistoni ikishaanza safari ya kushuka, nusu inaungua, nusu inatoka bombani moshi. Nguvu utaipata wapi? Na dereva asipokanyaga zaidi, mlima ataupandaje?

Na ule mstari wa baba! Kumbe nilikuwepo alipouchonga. Zamani gasketi ilikuwa inaungua kila mara, injini inagonga, baba akairudisha pampu nyuma makusudi, ichelewe, ili injini ipoe na isigonge. Akachonga alama hapo. Tochi nilishika mimi. Ilikuwa dawa ya injini mgonjwa, nami nikaiponya injini halafu nikaendelea kuinywesha dawa ileile. Nikamlaumu baba, marehemu wa watu, kwa nini hukuniambia. Halafu nikaona nilivyo. Nyani haoni kundule.

Nikalegeza nati tatu, nikaisogeza pampu. Milimita tano tu, jamani. Milimita tano ndizo nilizomtukania ndugu yangu.

Mara ya tatu kituoni, thelathini na moja. Mzee Taratibu alisema kwenye mlima wa kiwanda cha saruji alikaribia kumpita mtu. Mkaguzi akauliza tulifanya nini. Nikamwambia nimepima pampu. Akasema, "Kwani mwanzo hukupima?" Nikachukua karatasi yangu, nikaondoka.

Mzee Taratibu akanifikisha na lori maegesho, nikashuka na ufunguo mkononi. Mdogo wangu alikuwa na mfuko begani, nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi la saruji.

"Lori limepita," nikasema.

"Hongera."

"Chukua ufunguo."

"Mwizi apewe ufunguo?"

Nikamsogelea. "Nilikosea. Pampu niliifunga vibaya mimi. Wewe hukugusa kitu."

"Mbona unanong'ona, dada? Siku ile hukunong'ona."

Alikuwa na haki, na haki yake iliniudhi. Nikavuta pumzi, nikapiga kelele. "Madereva! Ndugu yangu hakugusa skrubu! Hakuiba dizeli! Nilifunga pampu bila kupima, kosa ni langu!"

Wachache wakageuka. Akautua mfuko juu ya lori, akajipangusa uso. "Wa kule mwisho hawakusikia."

Matusi yalinifika kooni, nikayameza. Nikaenda. Malori yalikuwa ishirini na matatu. Nikagonga mlango mmoja mmoja, waliolala nikawaamsha, nikasema maneno yaleyale. Mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo fundi mbovu ni wewe?" Nikasema ndiyo, ni mimi. Wa mwisho akajikuna kichwa, akasema amefurahi kusikia, ila yeye alishawaambia watu wengine.

"Wako wapi?"

Akawataja. Wauza mafuta wa kituo cha njia panda, walinzi wa kiwanda cha saruji, yule tajiri wa lori la pili.

Nikarudi, nikamweleza mdogo wangu, yote, na majina yao. Alisikiliza akitazama chini. Halafu akanyoosha mkono, nikampa ufunguo. Akafungua mlango wa lori letu, upande wa abiria, wangu.

"Panda," akasema. "Tunaanza na njia panda."