Donge la Arseniki

Kijiti kilikatika tena, na Régine akaulaumu udongo.

Mezani pake, nyumbani mtaani Saio, palikuwa na pete ya madonge matano yaliyounganishwa kwa njiti za fagio: manne madogo, ya kaboni, na moja kubwa, la arseniki. Wanakemia huiita arsoli. Chuo alichofundisha hakikuwa na vifaa, hivyo mwalimu huyu alijifinyangia vyake. Kila mwaka huwaambia wanafunzi kwamba arseniki ni nzito, hujishikilia jozi yake ya elektroni, haikubali kulala sawa na wenzake. Pete nzima hupinda. Alilijua hilo kama jina lake. Lakini leo mkono ulishikwa na ukaidi, ukawa unaligandamiza donge kubwa lilale.

Tangu Bienvenu, mumewe, azikwe, hakuwahi kula na mtu. Alikuwa mpweke, basi. Tuzungukezunguke ya nini? Upweke ulikuwa umemla hadi akauzoea.

Annette, wifi yake, aliingia bila hodi. "Régine, leo tunaondoa matanga ya kaka yangu. Bugali iko mu sahani moja. Mwenye hatakula na siye leo, amejitoa mu famille. Unajua."

"Mulete yangu hapa."

"Sahani ya matanga haitoke fasi yake. Mutu njo anaifuata."

"Nikikaa pale nitalia, nitawaharibia chakula. Siko tena ule wa mbele, ule wa zamani."

Annette akatazama meza. "Na hii, mbona unaiponda?"

"Haitaki kulala."

"Basi uiache."

Régine aliondoa mkono. Donge likainuka kidogo, likaning'inia kwenye njiti zake mbili, bila kuanguka. Akanawa udongo, akajifunga kitenge.

Kule mtaa wa Lumumba, kwa wakwe zake, ukoo ulikuwa umeizunguka sahani. Régine alikaa ukingoni mwa mkeka, bega moja nje, uso ameugeuzia ukuta. Hapo ndipo alipoweza kufika, wala si karibu zaidi. Machozi yalimtoka kabla ya sala kwisha. Alinyoosha mkono, haukuifikia bugali. Akaanza kuurudisha.

Hakuna aliyemwambia asogee. Mzee Alphonse, baba mkwe wake, aliyeilinda maisha yake yote desturi ya sahani kutotoka mahali pake, aliishika sahani kwa mikono miwili akaisukuma hadi magotini pa Régine. Wengine wakaburuta mikeka, wakaifuata, duara likapinda upande mmoja.

Régine akakata tonge.