Tembo la Mtambile

Mjaka hakuwahi kutia tembo maji tangu ashike kisu cha ugema, na kusingiziwa hivyo ndiko kulikomchoma baadaye. Kwao Vitongoji watu walitoka mbali kufuata tembo lake. Kisha mama mkwe wake akapooza huko Mtambile, na mkewe Mwanawema, mtoto wa pekee, akasema, "Mama siwezi kumwacha." Wakahama. Ilikuwa ile miaka ya thelathini, karafuu imeanguka bei na vibarua hakuna, basi riziki yao yote ikawa juu ya minazi aliyoikodi kwa Bwana Hija.

Akagema. Tembo likatoka jingi, jeupe pe, lakini jepesi, utamu wake wa mbali. Walimwengu nao hawana dogo. Wanawake walionunua la kuumulia vitumbua wakaguna, na walionunua kwa mambo mengine, ambayo sisi hatuulizi, wakaguna zaidi. "Mgema akisifiwa," mmoja akaanza, na wenziwe wakacheka bila kungoja amalize. Aliyecheka kuwashinda wote alikuwa Hija mwenyewe.

"Ukitia maji tena, minazi yangu naitaka," alisema.

Mjaka alirudi nyumbani akamsimulia mkewe. Akinyang'anywa minazi itabidi arudi Vitongoji, na Mwanawema hatakwenda.

"Kamwambie ukweli," Mwanawema akasema.

"Nijitetee kama mwizi?"

"Jitetee. Mimi nawataka nyote wawili, mume na mama."

Asubuhi akamkabili Hija mnazini, watu wamejaa.

"Bwana Hija, mkono ni ule ule, mahali ndipo palipobadilika. Mnazi wa Vitongoji umesimama kwenye mchanga na mawe, jua linauchoma, upepo wa chumvi unaupiga kutwa. Unatoa kidogo, tena kitamu. Huu wako uko kwenye udongo mzito, mvua haiukatikii, na mikarafuu inautilia kivuli. Umeshiba maji, nao unatoa ulichonacho."

"Maneno yako matamu kuliko tembo lako," Hija akasema. Watu wakacheka.

"Basi panda mwenyewe, ukalionje kabla halijashuka."

Hija alikuwa mtu wa tumbo, lakini ujana wake aliumaliza juu ya mikarafuu, na watu walikuwa wakimtazama. Akapiga uwinda, nguo kaipitisha katikati ya miguu, akashika vidato vya mnazi, akapanda akihema na kulaani. Mjaka chini roho mkononi. Hata huyu akianguka, atalaumiwa yeye.

Kule juu Hija akafungua kibuyu, akanywa. Akanywa tena.

"Vipi, Bwana Hija, lina maji?" wakamuuliza walio chini.

Hija akawatazama. Maji hayakuwamo, ameona kwa macho yake. Na akisema tembo ni baya, ameitukana minazi ya babu yake mbele ya mji mzima.

"Mna wazimu nyie?" akafoka. "Hili ndilo tembo la Mtambile. Lile la Vitongoji ni la kulambishwa watoto. Mjaka, gema, baba, usiwasikilize hawa."

Ati hawa, na yeye ndiye aliyecheka kuwashinda wote! Mjaka alitaka kucheka, machozi yakamtangulia, wala hakuyaficha.

Nyumbani alimkuta Mwanawema akimgeuza mama yake ubavu.

"Minazi imebaki," akamwambia.

Mwanawema alimlaza mama yake vizuri, akamfunika, kisha akakaa chini pale pale akalia, kilio ambacho hakuwa amekilia tangu mama alipopooza.