Maswali Ambayo Navalayo Alikataa Kuyafuta

Navalayo alirudi kutoka posta na barua za wateja mkononi, akamkuta shemeji yake Shikanga ameketi kwenye kiti anachokalia yeye kazini, mbele ya kompyuta. Mzee Lazarus, mwenye ofisi, alikuwa amesimama nyuma ya kiti, miwani imemteremka puani. Wote wawili walikuwa wanasoma kitu. Kwenye benchi la wateja, mwalimu Risper na wanawake wawili wa sokoni walikuwa wamenyamaza, kama watu waliosikia jambo na sasa hawajui waangalie wapi.

Ilikuwa mwaka wa tisini na tisa. Ofisi ile ya uchapaji mjini Kakamega ilikuwa imeunganishwa na intaneti miezi mitatu tu, na aliyeimudu hasa ni Navalayo. Mzee Lazarus alibahatisha. Siku hiyo alitaka kumwonyesha Shikanga, mwenzake wa kwaya, jinsi mashine inavyotafuta habari za trekta. Alibonyeza mara mbili ndani ya kisanduku cha kutafutia, na kabla hajaandika hata herufi moja, maneno yote yaliyowahi kutafutwa hapo yakateremka, mstari chini ya mstari.

Hayakuwa maneno ya trekta.

"Navalayo, njoo," alisema Mzee Lazarus. "Nani ameandika haya?"

Navalayo aliyajua yote. Aliyaandika saa ya chakula cha mchana, wenzake wakiwa wameenda kula. Mumewe Sylvanus, dereva wa trekta la miwa, alikufa mwezi wa kwanza baada ya kukonda mwaka mzima. Nyasi hazijaota juu ya kaburi, Shikanga akaja na amri yake: ama Navalayo akubali kurithiwa naye, awe mke wake, ama afungashe virago aondoke kwenye shamba. Angemuuliza nani? Mama yake angemwambia avumilie. Mchungaji angemwambia aombe. Akaiuliza mashine, kwa sababu haikuguna wala kumkatiza maneno.

Shikanga alisoma kwa sauti, akivuta kila neno. "'Mjane anaweza kufukuzwa shambani.' 'Mjane kukataa kurithiwa.' Mama Nafula, ndiyo haya unayofanyanga hapa? Kuuanika ukoo wetu kwa dunia nzima?"

 Navalayo alijua njia ya kuyaondoa yale maneno, wao hawakuijua. Kubonyeza mara chache tu, yangepotea.

"Futa," alisema Mzee Lazarus. "Futa yote, umwombe shemeji yako msamaha, mambo yaishe."

Navalayo aliziweka barua mezani, akazinyoosha kingo.

"Sifuti."

"Umesema nini?"

"Sifuti, Mzee. Ni maswali yangu, sikumwibia mtu. Na wewe shemeji, umesoma mawili tu. Hapo chini kuna mengine. Endelea."

Shikanga aliinama karibu na kioo, akasoma kimoyomoyo. 

"Basi nitasoma mimi." Navalayo akasoma kama mtu anayeita majina ya wanafunzi darasani. "'Dalili za ukimwi.' 'Mahali pa kupimwa ukimwi Kakamega.' Sylvanus alikonda machoni petu sote, nyinyi mkasema amerogwa. Hakuna aliyeuliza. Mimi niliuliza. Kisha nikaenda nikapimwa."

Shikanga aliinuka ghafla, kiti kikagonga ukuta. "Na... majibu?"

"Majibu ni yangu. Ulipotaka kunirithi hukuuliza chochote. Leo ndio unauliza?"

Mwanamke mmoja kwenye benchi aliangua kicheko, akaziba mdomo kwa leso.

"Na lile la shamba nimejibiwa pia," Navalayo aliendelea. "Kuna sheria ya urithi, imekuwepo tangu niko shule. Hunitoi kwangu kwa maneno ya mdomo."

"Toka ofisini mwangu!" Mzee Lazarus alifoka. "Usirudi kesho!"

Navalayo alichukua sweta yake na mkoba. Mlangoni aligeuka. "Na bado sifuti," alisema.

Nje, alisimama kando ya ukuta. Kazi imekwenda, na kufika jioni mji mzima ungekuwa unajua kwamba alienda kupimwa. Alitamani kwenda nyumbani ajifungie. Ndipo Risper akatoka, mkoba begani.

"Unaenda wapi?"

"Ofisi ya ardhi. Nikienda nyumbani sasa, kesho nitaogopa."

"Basi twende wote."

Karani wa ardhi aliuliza mwanamume wa boma yuko wapi. "Amekufa," Navalayo alijibu. "Ndiyo maana nimekuja mimi." Alijaza fomu ya kuweka kizuizi, ili shamba lisiuzwe wala kugawanywa bila yeye kuitwa. 

Hazikupita wiki tatu Mzee Lazarus mwenyewe akafika nyumbani kwa Navalayo, viatu vimejaa tope. Wateja walikuwa wanapungua, na mashine ilikuwa imemshinda.

"Rudi kazini, mama," alisema bila kumtazama usoni.

"Nitarudi. Lakini mambo yangu hayatasomwa tena mbele ya wateja."

"Hayatasomwa."

Shikanga hakukata tamaa upesi hivyo. Alikuja Jumamosi moja na mpima ardhi, kamba na vigingi tayari. Navalayo alikuwa anapalilia mahindi na binti yake Nafula. Hakuacha jembe. Alimwambia tu mpima ardhi aende kwanza akasome faili la shamba hilo mjini. Yule bwana alimgeukia Shikanga, akamuuliza kama kuna kizuizi. Shikanga akaanza kupiga kelele kuhusu wanawake wa siku hizi na mashine zao.

"Kuna kizuizi au hakuna?" mpima ardhi aliuliza tena.

Shikanga alirudia yale yale ya wanawake na mashine. Mpima ardhi alikunja kamba yake.

"Shemeji," Navalayo aliita toka katikati ya mahindi, "umeingia kwangu hata salamu hujatoa."

Shikanga alikusanya vigingi, shingo imemvimba. Kisha akatoa salamu, kwa sauti ndogo, na Navalayo akaiitikia.